Wimbo unasikilizwa, pesa ya mtunzi haiji: jinsi ya kutafuta tatizo lilipo

Lalamiko hili linasikika studio za Sakina, Kijenge na Ngaramtoni, na ukishuka Moshi utalikuta Majengo na Pasua pia: wimbo uko kwenye majukwaa yote, watu wanausikiliza, lakini aliyeutunga hajaona hata senti. Wengi huhitimisha kwamba wameibiwa. Kuna wanaoibiwa kweli, na tutawafikia. Ila mara nyingi pesa ipo, imekaa kwenye akaunti ya shirika fulani, na shirika lenyewe halijui ni ya nani kwa sababu hakuna taarifa inayounganisha rekodi ile na jina la mtunzi.

Hapa nazungumzia pesa hiyo tu, yaani mrabaha wa utunzi unaotokana na nyimbo kusikilizwa mtandaoni, hasa ule unaokusanywa Marekani na shirika linaloitwa The MLC. Shirika hili lilitokana na sheria ya Marekani ya mwaka 2018 iitwayo Music Modernization Act, likaanza kutoa leseni kwa majukwaa tarehe 1 Januari 2021. Februari ya mwaka huohuo majukwaa yalilikabidhi zaidi ya dola milioni 424 za miaka ya nyuma ambazo hazikuwa zimepata wenyewe. Kujiunga nalo ni bure, kutafuta wimbo ni bure, na kudai chako ni bure. Kariri hilo.

Jambo moja lazima likae sawa kichwani kabla hujagusa chochote. Kila wimbo una haki mbili. Kuna rekodi, yaani sauti iliyofungwa studio, na kuna utunzi, yaani mashairi na melodi. Msambazaji wako wa mtandaoni, yaani kampuni inayopandisha wimbo wako kwenye majukwaa, anakulipa pesa ya rekodi. Pesa ya utunzi inapita njia nyingine kabisa, na usipoifuata haikufuati.

Dalili: msambazaji ananilipa, lakini mrabaha wa utunzi sijawahi kuuona

Anza na ukaguzi wa dakika chache. Fungua dashibodi ya msambazaji wako utafute ripoti ya nchi: wimbo unasikilizwa wapi? The MLC inalipa usikilizwaji wa Marekani peke yake. Kama wasikilizaji wako karibu wote wako Arusha, Dar es Salaam na Nairobi, hata ukisajili kila kitu kwa usahihi, kitakachotoka huko ni kidogo sana au hakuna. Video za YouTube nazo hazimo katika hesabu hiyo. Nasema haya mapema kwa sababu nimeona vijana wanahangaika wiki nzima kudai pesa ambayo haijawahi kuzalishwa. Kwa usikilizwaji wa Afrika, uliza habari za CAPASSO ya Afrika Kusini, inayosimamia haki za kunakili kidijitali katika nchi kadhaa za bara hili, pamoja na taasisi za kukusanya mirabaha zenye leseni hapa kwetu.

Lakini kama ripoti inaonyesha Marekani ipo na namba si haba, endelea. Nyimbo za injili na za hip hop ya Arusha zina wasikilizaji wengi kule, kwa sababu ndugu zetu wapo huko.

Sababu inayoongoza ni kwamba wimbo haujasajiliwa kabisa kama utunzi. Nenda kwenye ukurasa wa utafutaji wa The MLC, ambao hauhitaji akaunti, uandike jina la wimbo, kisha jina lako. Usipouona, umepata jibu. Jiunge kama mtunzi anayejisimamia mwenyewe, kisha sajili wimbo: jina lake, watunzi wote, asilimia ya kila mmoja, na rekodi zake zote.

Sababu ya pili ni kudhani kwamba usajili wa hapa nyumbani umemaliza kazi. Kusajili kazi COSOTA, ambayo sasa ni Ofisi ya Hakimiliki, ni jambo jema na nakusihi ulifanye, kwa sababu siku ya mgogoro ile ni karatasi yako ya ushahidi chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. Usajili wa BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, unakutambulisha wewe kama msanii. Hakuna hata mmoja kati ya sajili hizo unaoingiza wimbo wako moja kwa moja kwenye kanzidata ya Marekani.

Sababu ya tatu haitokei mara nyingi, lakini ikitokea inaharibu: tayari una msimamizi wa utunzi, yaani mtu au kampuni inayokusanya mrabaha wa utunzi kwa niaba yako, na hujui. Wasambazaji wengine huuza huduma ya kusimamia utunzi pembeni, na mtu anaweka alama ya kukubali siku ya kupandisha wimbo bila kusoma. Kabla ya kujisajili mwenyewe, tafuta kwenye barua pepe zako na kwenye mipangilio ya akaunti. Ukikuta mkataba kama huo unaishi, usijisajili mara ya pili. Mwandikie msimamizi umuulize kama wimbo huo umesajiliwa na kwa asilimia ngapi. Madai mawili juu ya sehemu ileile yanazuia malipo ya pande zote.

Dalili: wimbo umesajiliwa, lakini rekodi bado haijaoanishwa nao

Hapa ndipo pesa nyingi za wenzetu zimelala, kwa hiyo twende taratibu.

Jukwaa linapotuma ripoti, linataja rekodi: jina lililoandikwa na msambazaji, jina la msanii, na namba ya ISRC, yaani kitambulisho cha rekodi chenye herufi na tarakimu 12. Shirika linatafuta utunzi unaolingana. Lisipopata, pesa inawekwa pembeni.

Angalia kwanza ISRC. Uliposajili utunzi, uliiandika? Wengi huacha sehemu ile wazi kwa sababu hawajui pa kuipata. Iko kwenye dashibodi ya msambazaji, kwenye maelezo ya kila wimbo. Kama akaunti ilikuwa ya studio na studio imefungwa, IFPI, shirikisho la kimataifa la kampuni za rekodi, ina ukurasa wa wazi wa kutafuta ISRC kwa jina la msanii na wimbo. Usishangae namba ikianza na QZ badala ya TZ. QZ ni ya Marekani, nayo inamaanisha tu kwamba msambazaji ndiye aliyeitoa. Wimbo ni wako vilevile.

Kisha hesabu rekodi. Wimbo mmoja unaweza kuwa na ISRC tatu au nne: toleo la kwanza, toleo la albamu, rimiksi, na lile lililopandishwa upya ulipohama msambazaji. Hilo la mwisho ndilo janga. Ukihama msambazaji, unatakiwa kwenda na ISRC zako za zamani na kuziingiza kwenye akaunti mpya. Mtu akiacha mfumo mpya umpe namba mpya, rekodi ileile inakuwa na vitambulisho viwili, na nusu ya historia ya wimbo inabaki bila mwenyewe. Ziandike zote kwenye usajili wa utunzi uleule. Usisajili utunzi mpya kwa kila rekodi.

Halafu tazama tahajia. Sisi tunaoandika Kiswahili tuna tatizo letu wenyewe hapa, nalo ni ng'. Chukua wimbo wa kubuni, "Ng'ambo ya Themi". Kwenye jukwaa moja utaukuta na alama iliyonyooka, kwenye lingine imepinda, kwenye la tatu haipo kabisa na imebaki "Ngambo", kwenye la nne imewekwa nafasi ikawa "Ng ambo". Mto wenyewe kuna wanaouandika Temi. Mwisho wa jina mtu ameongeza maneno ya video rasmi na jina la msanii wa kolabo. Kwa macho yako ni wimbo mmoja. Kwa kompyuta inayolinganisha herufi, inaweza kuwa minne. Sehemu ya majina mbadala kwenye fomu ya usajili imewekwa kwa ajili ya hali kama hii, kwa hiyo andika humo kila tahajia uliyoiona, hata zile zilizokosewa.

Majina ya watu yana shida hiyohiyo. Kitambulisho cha NIDA kinasema Emanuel, msambazaji ameandika Emmanuel, na kwenye majukwaa unajulikana kwa jina la kisanii lenye namba katikati. Chagua jina la kisheria kama lilivyo kwenye kitambulisho, na la kisanii uliweke mahali pake. Kama una namba ya IPI, ambayo watunzi huipata kupitia taasisi za kukusanya mirabaha, iweke kila mahali. Akina Emmanuel watunzi ni wengi duniani, na namba ile ndiyo inayokutenga nao. Utunzi wenyewe nao una namba yake, ISWC, inayoanza na herufi T ikifuatiwa na tarakimu 10. Usiichanganye na ISRC. Ukiona namba imeanza na T kisha tarakimu tupu, hiyo ni ya utunzi.

Ukishasahihisha yote na bado rekodi imekaa peke yake, ingia kwenye akaunti yako ya mwanachama utumie zana ya kuoanisha. Unatafuta rekodi, unausikia kwanza wimbo kwenye jukwaa kuhakikisha ni wenu, kisha unapendekeza iunganishwe na utunzi wako. Kuusikiliza ni muhimu. Majina kama "Mama", "Asante" na "Nakupenda" yana nyimbo nyingi mno, na ukipendekeza rekodi ya mtu mwingine umeanzisha mgogoro ambao hukuuhitaji.

Usikae sana. Sheria ile ya 2018 inaruhusu pesa zisizo na mwenyewe, zikishashikiliwa kwa muda usiopungua miaka 3, zigawiwe wenye haki waliokwisha kutambuliwa kulingana na ukubwa wao sokoni. Wakati huo chako kitakuwa kimeenda kwa wengine kihalali.

Dalili: nimelipwa, lakini ni nusu tu ya nilichotarajia

Tazama jumla ya asilimia zilizodaiwa kwenye wimbo. Ikiwa chini ya 100, sehemu iliyobaki inamsubiri mtu. Karibu kila mara mtu huyo ni prodyuza au mwenzako wa kolabo ambaye hajajisajili.

Prodyuza wa huku kwetu hutengeneza biti, mara nyingi anaongeza melodi ya kiitikio, anapokea elfu kadhaa za kurekodi na mambo yanaishia hapo. Je, ni mtunzi? Kama ametunga muziki wenyewe, ndiyo, isipokuwa mlikubaliana kwa maandishi vinginevyo. Usijiandikie asilimia 100 ili kurahisisha mambo. Mpigie simu, kaeni, andikeni karatasi ya mgawanyo: jina la wimbo, majina ya kisheria, asilimia ya kila mmoja, tarehe, sahihi. Tuseme mwandishi wa mashairi 40, aliyetunga kiitikio 30, prodyuza 30. Jumla lazima ifike 100 kamili. Kisha msaidie naye ajisajili, kwa sababu sehemu yake hupewi wewe hata akikuruhusu kwa mdomo.

Biti iliyokodishwa mtandaoni ina masharti yake. Soma leseni uliyolipia. Nyingi zinambakishia aliyetengeneza biti sehemu ya utunzi, na biti ileile imekodishwa kwa watu wengine pia.

Dalili: madai yamevuka asilimia 100

Wewe umedai 100, mtu mwingine amedai 50, jumla 150. Sehemu inayogombaniwa inasimamishwa mpaka mmalizane.

Sababu ya kawaida ni kusahau: mtunzi alijisajili mwenyewe na msimamizi wake naye akasajili. Hilo linaisha kwa upande mmoja kuondoa dai. Inayofuata ni mwenzako wa kolabo kujiandikia zaidi ya mlichokubaliana, na hapo karatasi ya mgawanyo inamaliza ubishi. Kama haipo, tafuta meseji za WhatsApp za wakati ule, faili za mradi zenye tarehe, na cheti cha COSOTA.

Sababu adimu lakini nzito ni mgeni kabisa kudai wimbo wako. Piga skrinishoti ya dai lake pamoja na tarehe, usimtukane mtandaoni, na hapa simama. Usitume madai mapya ya kulipiza. Mtafute wakili anayejua hakimiliki, na kabla ya kumlipa hakikisha yuko kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Simama pia kama uliwahi kusaini mkataba na meneja, lebo au mchapishaji na huelewi kama ulimkabidhi utunzi, au rekodi peke yake. Neno moja katika mkataba linaweza kuwa limeuhamisha wimbo wako moja kwa moja, na jibu hilo hulipati kwa kubonyeza vitufe.

Dalili: ni wimbo wa kwaya, na hakuna anayejua akaunti ni ya nani

Hili la kwaya linaniuma kwa namna ya pekee, maana Kilimanjaro na Arusha zimejaa walimu wa kwaya waliotunga nyimbo zinazoimbwa nchi nzima na hawajawahi kuandikwa popote. Mtiririko wake unafanana. Usharika unachanga, kwaya inarekodi, studio inapandisha nyimbo kwenye akaunti yake "kwa kuwasaidia", na sehemu ya mtunzi kwenye fomu inajazwa jina la kwaya au la studio.

Anza kwa kuuliza kwa upole. Studio nyingi hazikukusudia ubaya, zilijaza tu fomu ipite. Waombe wabadilishe jina la mtunzi na wakupe orodha ya ISRC. Rekodi inaweza kuwa ya kwaya, ya usharika au ya studio kutegemea nani alilipia na mlivyoandikiana. Utunzi ni wa aliyetunga, na haki hiyo haitoweki kwa sababu mwingine amelipia kurekodi. Kamati ya kwaya ikae na mwalimu waandike makubaliano kabla ya mtu yeyote kusajili chochote, hasa kama mwalimu ni mwajiriwa wa kanisa.

Nyimbo za vitabu vya tenzi zisisajiliwe kana kwamba ni zako. Melodi inaweza kuwa ya zamani sana na haina tena mwenye haki, lakini tafsiri ya Kiswahili inaweza kuwa bado na mwenyewe. Ulichopanga upya wewe, yaani sauti mpya na mpangilio wako, ndicho unachoweza kukizungumzia, na uliza kanisa kwanza.

Mtunzi akiwa amefariki, watoto wasijisajili kwa jina la marehemu wala kwa majina yao kienyeji. Anayeweza kudai ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Fungueni mirathi, wimbo uorodheshwe kama mali nyingine, kisha barua ya usimamizi itafsiriwe ipelekwe pamoja na madai. Familia ikiwa na mvutano, wakili aingie kabla ya hatua yoyote ya mtandaoni.

Dalili: Spotify inaonyesha wimbo umesikilizwa, malipo ya rekodi ni sifuri

Hili ni fupi. Tangu 2024 rekodi ambayo haijafikisha usikilizwaji 1,000 katika miezi 12 iliyopita hailipwi mrabaha wa rekodi na Spotify. Hakuna cha kudai hapo. Hakikisha tu usikilizwaji haujagawanyika kwenye rekodi mbili kwa sababu ya ISRC mpya, kama tulivyoona juu.

Dalili: mtu amenipigia, anasema ana pesa zangu

Anajua jina la wimbo wako, anataja kiasi cha dola, anataka "ada ya kufungulia faili" kwa simu. Majina ya nyimbo yapo wazi kwa yeyote kwenye ukurasa wa utafutaji, kwa hiyo kuujua wimbo wako hakuthibitishi lolote. Usitume pesa, picha ya NIDA wala nywila. Wasimamizi wa kweli wapo, wengi wao hujilipa kwa asilimia ya kinachokusanywa na wanakupa mkataba wa kusoma. Ukimpata wa namna hiyo, tazama vitu viwili kabla ya kalamu: mkataba unadumu muda gani, na ukiisha wimbo unarudi kwako au la.

Dalili: kila kitu kimeoanishwa, pesa haiingii benki

Linganisha jina la akaunti ya benki na jina la uanachama, herufi kwa herufi. Akaunti ya mke, ya meneja au ya kwaya haipokei malipo ya mtunzi mmoja. Waombe benki wakuandikie jina la akaunti kama lilivyo kwenye mfumo wao, namba kamili, na msimbo wa SWIFT wa benki yenyewe.

Baada ya hapo angalia fomu ya kodi. Mtu binafsi asiye Mmarekani hujaza W-8BEN, na kampuni hujaza W-8BEN-E. Fomu ya W-9 ni ya Wamarekani, usiisaini hata mtu akikuambia inaharakisha malipo, kwa sababu utakuwa umetoa tamko la uongo kwa mamlaka ya kodi ya nchi nyingine. Tanzania haina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani, hivyo tarajia kukatwa asilimia 30 ya mrabaha wa huko kabla haujakufikia. Makato hayo yasikutishe, si wizi. Tunza karatasi zake zote, na kama kiasi kimekuwa kikubwa muone mshauri wa kodi au maofisa wa TRA kuhusu upande wa hapa.

Kama malipo yalikuwa yanakuja vizuri kisha yakakatika ghafla mwanzoni mwa mwaka, tazama tarehe uliyosaini W-8BEN. Inaishi hadi mwisho wa mwaka wa tatu baada ya ule uliosaini: ya Machi 2023 inaisha 31 Desemba 2026. Jaza mpya mapema mwezi Desemba.